Simu kwenye Msumari

Kabla ya lile sanduku la mtandao kuletwa, Twila alikuwa akivuka ua mara kumi na moja kwa siku. Alihesabu siku moja tu ya Februari, theluji ikiwa imefika vifundoni, kisha akaona aibu kuhesabu tena. Kutoka mlango wa jikoni mpaka banda jipya la mitambo ni hatua mia na arobaini. Akifika anasukuma mlango mdogo wa pembeni, anaingiza kichwa.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Ngapi?"

Darin, mwanawe wa miaka ishirini na mitatu, anafuta grisi kwenye suruali na kuchungulia simu yake. "Mia na tano. Hebu rudi ndani, utaganda hapo mlangoni tuje tukubandue na koleo."

Alichokuwa anauliza ni sukari. Darin alipata kisukari akiwa na miaka tisa, kile cha kujidunga insulini maisha yote, na alipofika miaka kumi na tisa mwili wake ukaacha kumwonya. Wenzake sukari ikishuka hutetemeka na kutoka jasho, wakajua. Yeye hajui kitu. Anaendelea kufunga nati na kupiga soga mpaka anadondoka kama gunia. Alishadondoka mara moja shambani wakati wa kuvuna mahindi, na aliyemkuta ni baba yake, Delmar, ambaye wala hakuwa anamtafuta. Alikuwa amerudi kuchukua chupa yake ya maji.

Baada ya siku ile Darin alibandikwa kidude nyuma ya mkono, cha mviringo, kama sarafu kubwa. Kila dakika tano kidude kinapima sukari na kuipeleka kwenye simu iliyo mfukoni mwake, na simu yake inaituma kwa simu ya mama. Twila akiwa anakanda unga, akiwa kanisani, akiwa bafuni, namba ya mwanawe anayo. Ikishuka chini ya sabini, simu zote mbili zinapiga kelele za kuamsha wafu.

Isipokuwa bandani. Banda la zamani lilikuwa la mbao zenye nyufa, na mtandao ulipenya kama upepo. Hili jipya Delmar alilijenga bati pande zote, bati juu, na ndani ya bati akapigilia karatasi ya kung'aa ya kuzuia baridi. Mtandao wenyewe kule ni wa kubahatisha. Mnara uko mjini Crandall, maili kumi na nne, pembeni ya maghala ya nafaka. Ukiingia na simu kwenye banda lile ni kama umeitia kwenye sufuria ukafunika. Jikoni kwa Twila namba inaganda pale ilipoishia, kisha simu inalia kumwambia kwamba habari za Darin hazifiki. Ilikuwa ikilia mara thelathini, arobaini kwa siku.

"Hicho kisimu kizime," Delmar alisema akiwa na kijiko cha supu hewani, "la sivyo nakitupia nguruwe."

"Hakilii bure."

"Kinalia kwa sababu mtoto yuko bandani. Tunajua yuko bandani. Mimi ndiye niliyemtuma."

Twila akakizima. Kelele ya sukari kushuka aliiacha. Aliyoizima ni ile ya habari kutofika. Ilikuwa kazi ya kugusa skrini mara tatu, na alijiambia ni kwa muda tu, mpaka wapate dawa ya lile bati. Kuanzia hapo ndipo akaanza kuvuka ua.

Dawa ililetwa mwishoni mwa Machi na Rex, fundi anayefungia watu mitambo ya kuongozea matrekta. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na alipanda ngazi kwa uzito hadi Twila akafumba macho. Juu ya paa alisimamisha mlingoti na kuufungia antena, akawa anaizungusha taratibu kuelekea Crandall, huku Darin chini akisoma mita.

"Kushoto kidogo! Kidogo nimesema! Umepita. Rudi, rudi. Hapo!"

"Hapo wapi?"

"Hapo ulipokuwa kabla hujauliza!"

Delmar alikuwa ameegemea trekta, mikono mifukoni. "Mnatafuta mtandao au mnawinda bata?"

"Bata ni rahisi, mzee," Rex alijibu kutoka juu. "Bata utampiga risasi, umemaliza."

Waya ulishushwa kupitia tundu ukutani hadi kwenye sanduku dogo lililochomekwa kwenye soketi ya karibu na mlango, na kutoka kwenye sanduku ukaenda kwenye antena ya pili ya ndani, bapa kama sinia, iliyopigiliwa ukutani. Rex alieleza kwamba antena hizo mbili hazitakiwi kusikiana. Zikisikiana zinapigiana kelele na sanduku linajizima, na hapo lile bati walilokuwa wakililaani lilifaa, lilizitenganisha. Lakini nguvu ya ile ya ndani ilikuwa ndogo.

"Ukikaa chini yake, mama, utapiga simu hadi China. Ukienda kule nyuma, shauri yako."

"Yeye anafanya kazi kote humu," Twila alisema.

Darin alikuwa ameshapata jibu. Alichukua nyundo, akapigilia msumari chini ya ile antena, usawa wa macho yake, akatundika simu kwa kamba ya kasha lake. "Yenyewe ikae hapa. Kidude cha mkononi kinafika hatua ngapi, Rex?"

"Tisa. Kumi ukibahatika."

"Basi planta naiegesha hapa." Planta ni mashine ya kupandia mahindi, na ndiyo iliyokuwa ikimlia siku zake. "Mimi nafanya kazi, simu inaongea na mama. Kila mtu na shughuli yake."

Twila alikimbia hadi jikoni kutazama. Namba ilikuwepo: mia na kumi na tisa, na mshale umelala, haipandi wala haishuki. Alirudi uani akapunga taulo la vyombo, na wanaume watatu mlangoni mwa banda wakashangilia kama timu yao imefunga goli.

Rex alisema jambo moja zaidi akifungasha vyombo. "Sanduku halina betri. Umeme ukiondoka, nalo limeondoka." Wote wakaitikia. Wote waliwaza dhoruba, upepo unaoangusha nguzo. Hakuna aliyewaza mkono wa Delmar.

Maana kule mtu hatoki bandani akaacha umeme. Panya huingia na baridi, wanatafuna nyaya, na banda huungua watu wakiwa kanisani. Baba yake Delmar aliunguliwa hivyo na matrekta mawili na mbegu za mwaka mzima. Kwa hiyo karibu na mlango wa kila banda kuna swichi kuu, na wa mwisho kutoka anaishusha. Ukisahau, utaulizwa na jirani kama umezaliwa mjini. Delmar alikuwa akiishusha kwa miaka arobaini. Hakuwa akiifikiria zaidi ya unavyofikiria kufunga mlango wa choo.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa wiki nzuri, na hilo ndilo linalouma. Twila alilala. Alipika mikate midogo mara mbili kwa wiki, akaanza tena kushona lile blanketi la vipande lililokaa kabatini tangu Darin aanguke. Simu ilikuwa kimya. Zamani kimya kilimpeleka mbio bandani. Sasa kilimaanisha kila kitu kiko sawa, na akakizoea haraka sana. Ile kelele ya habari kutofika hakuiwasha tena. Haikumjia akilini. Mtu akipona kichwa haendi kutafuta vidonge.

Mama anayesoma hapa na ana simu ya namna hii aiangalie leo, kabla hajaendelea.

Ilikuwa Jumanne, wiki ya kwanza ya Mei, udongo umekauka na kila mtu katika kaunti anapanda. Twila alimpikia Darin chapati nne za maziwa. Darin alijidunga insulini ya chapati nne, akala mbili, akasimama.

"Unaenda wapi? Maliza."

"Duka la vipuri linafungua saa moja. Nikichelewa nitakuta foleni ya wazee wote wa Crandall wanalalamikia mvua."

"Darin. Umejidunga za nne."

"Nitakula njiani, mama. Nina biskuti garini."

Biskuti zilikutwa baadaye, pakiti haijafunguliwa.

Saa moja na nusu Delmar alitoa trekta kwenda shamba la mbali. Banda lilikuwa tupu. Darin yuko mjini. Delmar akashusha swichi, akafunga mlango, akaondoka. Alifanya kama alivyofundishwa, na Twila dirishani alimwona akifanya. Alimwona na hakuona kitu.

Saa tatu kasoro Darin alirudi. Alishuka na boksi la vipuri begani, akampungia mama yake mkono. Twila akatazama simu: mia na thelathini na moja. Vizuri. Darin akaingia bandani kwa mlango mdogo. Paani kulikuwa na mabati nane ya plastiki ya kupitisha mwanga, na asubuhi ya jua kali kama ile mtu hahitaji taa. Mashine yake ya kufungulia nati ilikuwa ya betri. Hakuna alichogusa kikamwambia umeme haupo. Alitundika simu kwenye msumari kama kila siku, akavaa vizibo vya masikio, maana ile mashine inapiga kelele ya kupasua kichwa, akajilaza chini ya planta.

Saa nne na dakika kumi Twila aliangalia simu, mikono ina unga: mia na thelathini na moja. Jirani yake Ione, mjane wa ng'ambo ya barabara, alipiga kuuliza nani anapeleka chakula shambani kwa akina Delmar.

"Mimi. Nyama na viazi, na mikate iko jikoni inaumuka."

"Na mwanao? Bado unamkimbilia kama kuku mwenye kifaranga kimoja?"

Twila alicheka. "Siku hizi sina mbio. Yuko hapo bandani, ametulia, mia na thelathini na moja. Nikikaa hapa ni kama nimemshika mkono."

"Afadhali. Ulikuwa unatuchosha wote, bibie."

Waliongea juu ya harusi ya mjukuu wa Ione. Waliongea muda mrefu. Twila akatia mikate kwenye oveni, akamenya viazi, akafuta meza. Saa tano na dakika kumi alichukua simu tena ili ampigie Darin aje kula.

Mia na thelathini na moja.

Alikwishaweka simu sikioni ndipo mkono ukashuka wenyewe. Miaka kumi na minne alikuwa akisoma sukari ya mtoto huyu, kwa damu ya kidole, kwa karatasi, kwa kidude. Hajawahi kuiona ikikaa pale pale kwa saa mbili. Sukari ya mtu haikai hivyo. Inapanda, inashuka, inapumua. Akasogeza skrini karibu na uso, akasoma maandishi madogo ya kijivu chini ya namba, ambayo hakuyasoma hata mara moja tangu Machi.

*Dakika 147 zilizopita.*

Hatua mia na arobaini. Alizikimbia na viatu vya ndani. Kabla hajagusa mlango aliisikia simu, ile kelele ya kuamsha wafu, inalia ndani ya bati. Ilikuwa ikining'inia kwenye msumari, skrini nyekundu, inatetemeka hadi kasha linagonga ukuta. Chini ya planta ilionekana miguu ya Darin. Mmoja ulikuwa unapiga sakafu, polepole, bila mpango.

"Darin! Darin, mwanangu, mama yuko hapa."

Alimvuta kwa mkanda wa suruali. Vizibo vilikuwa bado masikioni. Macho yalikuwa wazi na hayakumtazama, povu mdomoni lina damu, anakoroma kwa sauti ambayo hakuwa amewahi kuisikia kwa mtu. Twila alibonyeza swichi ya taa. Taa haikuwaka. Akageuka kutazama sanduku. Kile kitaa cha kijani kilikuwa kimezimika. Akachukua simu ya Darin msumarini kupiga ya dharura. Hakuna mtandao. Ya kwake. Hakuna mtandao. Akasimama katikati ya lile bati na simu mbili mikononi.

Ikambidi amwache. Jambo hilo alikuja kumwambia daktari, na mchungaji, na Ione, kila mmoja kana kwamba hakuwa amewaambia wengine: ilinibidi nimwache. Alimlaza ubavu, akatoka mbio. Uani simu ikashika, akapiga huku akikimbia. Kwenye droo ya taulo jikoni mlikuwa na dawa ya kupuliza puani, ya kupandisha sukari. Akaichukua. Jikoni mikate ilikuwa imeanza kuungua. Akarudi, hatua nyingine mia na arobaini, akaipuliza.

Ambulensi ya Crandall inaendeshwa na watu wa kujitolea, na watu wa kujitolea ni wakulima, na wakulima siku hiyo walikuwa kila mmoja kwenye shamba lake. Ilichukua dakika thelathini na nne. Alimpigia Delmar akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mahali pekee ambapo aliweza kumwona mtoto na kusikika.

"Ulishusha swichi?"

Trekta ilikuwa ikinguruma. "Nini?"

"Swichi, Delmar. Ya banda."

Ile ngurumo ikazimwa. "Hakuwemo," Delmar alisema. "Nilipotoka hakuwemo mtu."

Hospitalini, siku ya tatu, Twila alifungua simu ya Darin. Yote yalikuwemo. Simu ilikuwa imepokea kila kitu kutoka kwenye mkono uliokuwa hatua tano tu mbele yake. Themanini na nne. Sitini na nane, ikalia. Sitini na moja, ikalia. Hamsini na nne, ikalia kwa sauti ya juu. Arobaini na saba. Kisha neno tu, *chini*, *chini*, *chini*, kila dakika tano, hadi mama yake alipofungua mlango. Zamani Darin alikuwa akiiweka kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo. Ingemtetemekea. Huenda hata baadaye, akili ilipoanza kumtoka, ingemtetemekea kifuani akajua ni nini.

Delmar alikuwa amekaa ng'ambo ya kitanda, kofia magotini. "Nionyeshe," alisema.

"Hapana."

"Twila. Nionyeshe."

Akampa. Alisoma yote, akateremka mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. Kisha akaiweka simu juu ya shuka, taratibu, skrini ikitazama chini.

Darin alirudi nyumbani katikati ya Julai. Anatembea. Anakula mwenyewe ukimkatia nyama. Mkono wa kulia haukunjiki vizuri, na majina ya vitu yamemkimbia, trekta ni "ile", sahani ni "ile". Planta hakuisahau. Majirani sita walikuja na mashine zao, wakawapandia mahindi yote kwa siku mbili, na sasa yanampita mtu urefu. Darin anayaona dirishani na hayahusishi na planta yake.

Rex alikuja tena bila kuitwa. Alivuta waya wa peke yake kutoka nyumbani hadi kwenye sanduku, usiopita kwenye swichi yoyote, na hakufanya utani hata mmoja. Delmar hakumsaidia wala hakumzuia. Siku hizi Delmar hazimi kitu. Taa za banda zinawaka mchana na usiku, wapita njia wanaziona toka barabara kuu, na hakuna jirani aliyemuuliza kama amezaliwa mjini. Akitoka chumbani anaitazama swichi ya ukutani, anaingiza mikono mifukoni, anapita.

Darin hukaa kwenye kiti cha jikoni, kati ya oveni na dirisha, hatua mbili kutoka kwa mama yake. Twila huwasha simu na kusoma kwanza yale maandishi madogo ya kijivu. *Sasa hivi*, yanasema. Ndipo anatazama namba. Mia na nane. Mia na kumi na mbili. Sukari yake haijawahi kuwa nzuri hivi tangu awe na miaka tisa, maana anakula kwa saa, hakuna anachobeba, hakuna anapokimbilia, na mtandao wa jikoni ni mzuri kuliko popote katika shamba lile.

"Mama."

"Nipo."

"Planta." Anatafuta neno, mdomo unafanya kazi. "Planta imekwisha?"

"Imekwisha, mwanangu."

Anaitikia kwa kichwa, ameridhika, anageukia dirisha. Baada ya kama dakika ishirini atauliza tena.